Kimya cha Mteremko wa Kwa Ndolo

Sura ya Saba

Inspekta Kasiva alipiga magoti kwenye changarawe za uwanja wa kituo, akaingiza mkono nyuma ya tairi la mbele la kushoto mpaka kiwiko kikapotea. Alipoutoa, vidole viwili vilikuwa na mafuta ya breki. Alivinusa, akavipangusa kwa kipande cha gazeti, akaandika kwenye daftari: Mafuta yako juu ya bati lililokunjwa. Si chini yake.

Gari lilikuwa limelala hapo tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Lilikuwa saluni nyeusi ya Kijerumani ya mwaka 1994, ndefu, yenye viti vya ngozi, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu wa Tawa aliyehitaji kuuliza ni la nani. Lilikuwa la Mzee Nthiwa, meneja mstaafu wa chama cha wakulima wa kahawa. Alilinunua Nairobi kwa mzungu wa ubalozi aliyekuwa akirudi kwao, na Jumamosi iliyofuata likabeba bibi harusi. Halikuacha tena. Lilibeba mabibi harusi wa kanisa lake, wa makanisa mengine, na wa familia za Kiislamu pale sokoni. Mzee hakutoza mtu. Ulileta petroli na utepe, yeye akaleta gari na suti.

Sasa pua ya gari ilikuwa imeingia ndani mpaka karibu na dashibodi, na Mzee Nthiwa alikuwa amezikwa Jumatano.

Ndani ya seli, nyuma ya meza ya zamu, alikuwa Fahim Yakub, fundi wa magari, miaka thelathini na minne. Mahakama ilikuwa imeruhusu azuiliwe siku saba. Jumatatu saa tatu asubuhi angesomewa shtaka la mauaji. Faili ilitakiwa kuondoka kituoni leo Ijumaa, saa kumi, na ndani yake kulikuwa na mambo mawili dhidi yake: ripoti kwamba mpira unaopitisha mafuta ya breki ya mbele kushoto ulikuwa umekatika, na maelezo ya Ndululu, mtoto wa ndugu ya marehemu, kwamba alimsikia Fahim akimwambia mzee mbele ya gereji, "Hii gari itakuua."

Ndululu mwenyewe alikuwa amesimama pale uwanjani, mikono mfukoni. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Malili, lakini wiki hii nzima hakuwa amelifungua.

"Madam, bado unalala chini ya gari?" alisema. "Mtu ako ndani. Ripoti iko. Kumebaki nini?"

"Kumebaki mafuta," Kasiva alisema. "Njoo uone. Kama Fahim aliukata huu mpira kule gereji, mzee akaendesha kilomita tisa akikanyaga breki, mafuta yangemwagika wapi?"

"Njiani."

"Nimeutembea ule mteremko wa Kwa Ndolo kwa miguu, kutoka kwa mnara wa simu mpaka darajani. Sikuona tone. Yote yamemwagika pale kwenye kona alipogonga, hata nyasi zimekauka. Na hapa yamemwagika juu ya bati lililokunjwa. Bati lilikunjwa kwanza. Mpira ukakatika baadaye, kwa kugonga."

Ndululu aliinama akatazama, kisha akasimama wima tena.

"Kwa hivyo unasema breki ilikuwa sawa."

"Nasema mafuta yalikuwemo."

"Basi kwa nini hakusimama? Mzee ameendesha tangu kabla nizaliwe. Hiyo kona anaijua kuliko kitanda chake."

"Hapo ndipo nimefika," Kasiva alisema, akafunga daftari.

*

Fahim aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameshikilia suruali kwa mkono, maana mkanda wake ulikuwa umechukuliwa. Kucha zake bado zilikuwa nyeusi. Kasiva alimpa kiti na kikombe cha chai.

"Ulimwambia gari litamuua?"

"Nilimwambia. Mbele ya watu. Ningemwambia tena."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwambia kwa upole."

"Nieleze hilo gari. Kila kitu. Usiruke."

Fahim alicheka kidogo kupitia pua. "Madam, kila kitu? Hata hiyo Jumatatu yenu itatupata hapa."

"Anza."

"Hiyo gari niliijua kabla sijaanza kunyoa. Babangu alikuwa na gereji Kitui, na mzee alikuwa anavuka mpaka huko kumletea, kwa sababu hakuna mtu mwingine alikuwa anaijua. Babangu alikuwa anaosha mikono kwanza ndio afungue boneti. Hakuwa anafanyia gari ingine hivyo." Alikunywa chai. "Siku hizo ukiwasha unaweka sikio karibu ujue kama imewaka. Mzee alikuwa anasimamisha shilingi juu ya injini, kwa ubavu wake, na haianguki. Watu walikuwa wanakuja kuona."

"Halafu?"

"Halafu ikazeeka. Ilianza na miguu ya nyuma. Hiyo gari haikuwa na springi za kawaida huko nyuma, ilikuwa inajiinua yenyewe kwa mafuta na hewa. Zikachoka, ikawa inakaa chini kama ng'ombe. Bei ya upande mmoja unanunua pikipiki. Tukaweka springi za pikapu. Bibi harusi akawa anarukaruka, lakini gari ikasimama. Ikaja nyaya za injini. Ule mpira wa juu ulikuwa unabomoka ukiushika, kama mkate mkavu, zinagusana, gari inazima popote. Nilizifunga moja moja, wiki mbili. Ikaja pampu ya petroli, mzee akauza mbuzi wanne. Kioo cha dereva kikashuka kikakataa kupanda, tukakiegemeza na ubao. Ukitafuta spea Nairobi, wanakuuliza kwanza namba ya chesisi, halafu wanacheka."

"Kwa nini hakuuza?"

"Kwa nani? Mnunuzi alikuja mmoja tu. Wa vyuma vikuukuu. Alikuja na mizani." Fahim alitikisa kichwa. "Mama Mbula, mke wa mzee, alimpa chai, akamwonyesha njia."

"Na breki?"

"Breki zenyewe zilikuwa nzuri, pedi niliweka mwezi wa tatu. Shida ilikuwa busta. Ile chuma ya mviringo inayosaidia mguu. Inavuta upepo kutoka kwa injini. Wiki hiyo ya ajali mpira wake ulikuwa umepata ufa. Injini ikinguruma, inashika. Lakini nilimwambia aweke gari mpaka mpira mpya ufike. Akasema Jumamosi kuna harusi Kalamba, ameshaahidi. Hapo ndipo nilisema hayo maneno."

Kasiva alikuwa akiandika. Kalamu ilisimama.

"Umesema injini ikinguruma. Gari hilo linanguruma?"

"Sasa? Hapo mwanzo haikuwa. Mwezi wa pili kile kichungi cha moshi kilichokuwa chini kiliziba kabisa, ikakosa nguvu, haipandi mlima. Kipya hakuna. Nilikikata nikaweka bomba moja kwa moja. Madam, hauishi huku sokoni? Mzee akitoka kwao, unamsikia kabla amalize kufunga geti. Inalia kama kinu cha posho. Alikuwa anaona aibu sana. Alikuwa anaegesha mbali na kanisa."

Kasiva alifungua faili, akatafuta ukurasa wa nne. Ulikuwa maelezo ya Kiilu, mvunja kokoto wa Kwa Ndolo, aliyefika kwenye ajali kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa ameyasoma mara tatu wiki hii. Mstari wa sita ulisema: Gari lilipita bila sauti. Konstebo aliyeandika hakuuliza zaidi, na Kasiva mwenyewe hakuwa amesimama hapo. Kwa miaka ishirini watu wa Tawa walikuwa wamesifu gari la Mzee Nthiwa kwa kutokuwa na sauti, na sifa hiyo ilikuwa imedumu kuliko ukimya wenyewe.

Alimsogezea Fahim kikombe chake.

"Maliza chai," alisema. "Narudi."

*

Kiilu alikuwa ameketi kwenye gunia, miguu ameinyoosha kila upande wa rundo la mawe, nyundo mkononi. Kona ilikuwa hatua thelathini chini yake. Alama nyeupe za chokaa za polisi zilikuwa zimeanza kufutika.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Usisimame, endelea. Nataka uniambie tena Alhamisi."

"Niliwaambia yote."

"Niambie mimi."

Kiilu aliweka nyundo chini. "Ilikuwa saa nne hivi. Mzee akapita. Gari ilipita hapa kama kivuli, afande, haina kelele. Hiyo gari ni ya ajabu. Mimi nilioa na hiyo gari mwaka wa elfu mbili na tisa. Tukitoka kanisani, mke wangu amekaa huko nyuma, nilikuwa nasikia utepe ukipigapiga juu ya boneti. Utepe tu. Mzee akaniangalia kwa kioo, akaniambia, 'Kiilu, pumua.'"

Kasiva alisubiri mpaka tabasamu likaisha usoni mwake.

"Hiyo ya kivuli. Ni ya Alhamisi au ya elfu mbili na tisa?"

"Unasema?"

"Fahim anasema tangu mwezi wa pili linanguruma kama kinu."

"Ni kweli. Inanguruma." Kiilu alikuna shavu kwa kidole chenye vumbi. "Ikipanda, naisikia kutoka darajani. Naacha kazi, nampungia mkono."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nilikuwa nimeinama. Niliona kivuli kinapita kwa mawe. Nikiinua kichwa, mzee ameshapita. Tairi tu ndio zilikuwa zinasikika. Halafu mlio."

"Siku zingine akishuka, unalisikia?"

Kiilu aliutazama mteremko kwa muda mrefu, kutoka mnara uliokuwa juu mpaka kona. "Akishuka... hapana. Akishuka hapana. Sikuwahi kufikiria. Nilidhani ni kwa sababu kushuka hakuna kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya Aprili, nafikiri. Hivi."

Kasiva aliandika saa, mahali na maneno yenyewe. Kisha akachuchumaa mbele yake, macho sawa na macho.

"Ulipofika pale, injini ilikuwa imewaka?"

"Hapana. Nilidhani imezima kwa kugonga."

"Funguo aliitoa nani?"

"Mimi. Watu walikuwa wanaanza kuja, unajua watu. Sikutaka mtu aibe redio ya mzee na yeye bado amekaa hapo." Sauti ya Kiilu ilishuka. "Niliitoa, nikampa Ndululu alipofika."

"Ilitoka mara moja?"

"Haiwezi. Hiyo gari funguo haitoki mpaka usukume ule mkono wa gia mbele kabisa. Wakati wa harusi yangu niliiosha siku mbili, mzee akanifundisha. Kwa hivyo nikasukuma, ndio nikatoa."

Polisi walilikuta gari gia yake ikiwa mbele kabisa, mahali pa kuegesha, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Ripoti ilikisia kwamba iliruka wakati wa kugonga.

"Twende kituoni," Kasiva alisema. "Vaa shati."

*

Pale uwanjani mlango wa dereva ulifunguka kwa kuvutwa na watu wawili. Kasiva alitandika gunia juu ya kiti. Konstebo wa zamu alileta funguo ndani ya mfuko wake wa karatasi.

"Kaa nje, kama ulivyosimama siku ile," Kasiva alimwambia Kiilu. "Ingiza mkono wa kulia juu ya usukani. Funga macho. Mimi nitaweka gia mahali, wewe usukume mbele, uniambie kama ndivyo ilivyokuwa."

Alianza na gia ya mwendo. Kiilu alisukuma. Mkono wa gia ulipita vituo vitatu, kila kimoja na mgongo wake mdogo.

"Hapana," Kiilu alisema. "Hii ni ndefu."

Kasiva aliuvuta tena, safari hii akauacha kwenye gia huru.

Kiilu alisukuma. Tak. Tak. Alibaki ameshikilia.

"Ni hii."

"Una hakika gani?"

"Sikufikiria, afande. Nilikuwa naangalia uso wake. Lakini mkono unajua. Ilikuwa fupi."

Kasiva alirudia mara sita, akibadilisha mpangilio bila kusema, konstebo akiandika. Mara sita Kiilu alijibu vilevile. Ndululu alikuwa ameacha ukuta aliokuwa ameuegemea, akasogea mpaka karibu.

"Hiyo inaonyesha nini?" aliuliza.

"Gari bovu likizima lenyewe njiani, gia inabaki kwenye mwendo. Hili lilikuwa limezimwa, na gia imewekwa huru. Hiyo ni kazi ya mkono wa dereva."

"Unasema mzee alizima gari akiwa anashuka Kwa Ndolo?"

"Ndiyo. Alikuwa akifanya hivyo tangu Aprili."

Kasiva aliingia ndani, akasimama mbele ya mlango wa seli.

"Fahim. Busta ile yenye ufa. Injini ikizimwa mtu akiwa mwendo, ana breki ngapi?"

Fahim alisimama upande wa pili wa vyuma. "Ikiwa nzima, inashika mara tatu. Ile yake, moja. Ya pili unakanyaga jiwe. Na usukani unakuwa mzito kama jiwe." Kisha akakaza macho. "Nani alizima?"

"Ulijua kama alikuwa anazima?"

"Wallahi sikujua." Aliketi kwenye sakafu polepole, mgongo ukutani. "Wale wazee waliojifunzia kwenye lori. Lori la zamani unaweza. Hii huwezi. Ningejua, ningeficha funguo."

Kasiva alimpigia simu mkubwa wake kule kaunti. Alimweleza mafuta, sauti, na gia. Upande wa pili kulikuwa na kimya cha mtu anayeangalia saa.

"Kasiva, unaniletea mvunja kokoto na kumbukumbu ya mkono wake. Wakili wa familia atamla kabla ya chai. Nipe mtu aliyekuwa ndani ya hilo gari, aliyemwona akizima. Ukikosa, saa kumi faili inatoka kama ilivyo."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

*

Mbula, mjane wa Mzee Nthiwa, alikuwa ameketi sebuleni akikunja mashati ya marehemu na kuyapanga kwa mafungu. Ukutani, kutoka mlangoni mpaka dirishani, kulikuwa na picha za harusi. Zilikuwa za watu wa kila aina, wengine wamenenepa sana tangu hapo, na katika kila picha kulikuwa na boneti nyeusi iliyong'aa mpaka mtu aliona mawingu ndani yake. Ndululu alikuwa amefika kabla ya Kasiva. Alikuwa amesimama kando ya kiti cha mama yake mkubwa.

"Pole, mwaitu," Kasiva alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Asante, mwanangu. Keti."

Kasiva hakuzunguka. "Kila Jumapili ulikuwa ukikaa karibu na mzee kwenda Kalamba kanisani. Nataka kujua alikuwa akifanya nini mkifika kwa mnara."

Mikono ya Mbula ilisimama juu ya shati.

"Mwaitu, usijibu," Ndululu alisema. "Madam, mama yuko kwa msiba. Unataka watu waseme mzee alijiua? Kwa sababu ya petroli ya mia mbili? Mzee Nthiwa?"

"Nataka kujua tu alifanya nini."

"Fahim ndiye alikuwa fundi. Gari lilikuwa mkononi mwake."

"Fahim alimwambia aliegeshe. Ni wewe mwenyewe uliyemsikia."

Mbula aliweka shati juu ya fungu na kulilainisha kola kwa dole gumba.

"Alinikataza kusema," alisema.

"Mwaitu."

"Ndululu, kaa chini. Unaniwekea kivuli." Alingoja mpaka akaketi. "Gari ilikuwa inakunywa sana. Lita moja, kilomita tano, ukiwa na bahati sita. Watu siku hizi wanaleta petroli kidogo, na yeye hawezi kuwaambia ni kidogo. Kwa hivyo tukifika kwa mnara alikuwa anaweka gia hapo katikati, anazima, anarudisha funguo kidogo ili usukani usijifunge. Tunashuka hivyo mpaka darajani. Anawasha tena hapo. Alisema hivyo ndivyo walivyokuwa wakishusha lori za chama na kahawa zamani. Akasema nisimwambie mtu, maana wakijua, wataanza kumwonea huruma, na wakimwonea huruma hawataleta tena mabibi harusi."

"Alhamisi alikuwa akienda wapi?"

"Kalamba. Kupima geti la kina Kalekye, huyo bibi harusi, kama gari itaingia. Harusi ilikuwa Jumamosi."

Kasiva aliandika. "Waliposema ni Fahim, mwaitu, ulijua?"

"Nilijua si Fahim. Huyo mtoto alikuwa anakula hapa. Lakini walisema mpira umekatwa. Nikasema, labda. Nikasema labda si ule mteremko wetu. Nilidhani mtamwachilia wenyewe."

"Hatutaweza bila wewe. Na ukisema, itaandikwa, na itasomwa mbele ya watu."

"Watasema ni njaa ilimuua," Ndululu alisema, lakini sasa sauti yake ilikuwa ya chini.

"Waseme," Mbula alisema. "Mzee hatawasikia. Fahim anasikia." Alivuta kiti chake karibu na meza. "Andika."

Kasiva alimsomea kila sentensi kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Jina. Umri. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Kutoka mnarani mpaka darajani, kilomita nne. Kila Jumapili tangu mvua ya Aprili. Mbula alimkosoa mara moja tu, alipoandika kwamba mzee alizima injini kwa sababu ya umaskini.

"Futa hiyo. Andika kwa sababu ya petroli."

Kasiva alifuta.

"Na andika kwamba hapo ndipo tulikuwa tunaongea."

Kalamu ilisubiri.

"Tangu ianze kunguruma, hatukuwa tunasikizana ndani. Tunatoka hapa kimya, tunafika kimya, kama tumekosana. Lakini akizima pale juu, kunakuwa kimya kama zamani. Unasikia tairi, unasikia ndege. Tunaongea mpaka darajani. Tulikuwa tunahesabu wale aliowabeba, nani bado yuko na nani. Yeye anataja bwana, mimi nataja bibi." Aliangalia picha za ukutani. "Wengi wako. Sikumwambia aache, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nangojea pale."

Ndululu aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akiwapa mgongo.

Kasiva aliandika hiyo nayo. Aliisoma kwa sauti. Mbula alichukua kalamu, akatia sahihi kwa herufi za shule, moja moja, kisha akamrudishia.

Simu ya mkubwa ilichukua dakika nne. Ya pili, kwa konstebo wa zamu, ilichukua chini ya hapo.

"Mtoe Fahim. Mrudishie mkanda na viatu. Aandike kwamba amepokea."

Mbula alikuwa tayari amejifunga leso na kuchukua mkoba.

"Unaenda wapi, mwaitu?"

"Na wewe. Leo ni siku ya soko. Akitoka pale peke yake, watasema ametoroka."

*

Fahim alitoka saa tisa na dakika ishirini, akiufunga mkanda. Alipomwona Mbula kwenye ngazi za kituo alisimama, na mkono ukabaki kwenye chuma cha mkanda kama amesahau unavyofungwa.

"Mama," alisema. "Ningejua anazima..."

"Hukuambiwa," Mbula alisema. "Njoo."

Alimshika mkono juu ya kiwiko. Kasiva aliwafuata hatua chache nyuma, kofia kwapani. Wangeweza kupita nyuma ya vyoo vya soko wafike gereji kwa dakika tatu, lakini Mbula alichukua njia ya katikati. Walipita penye nguo za mitumba, penye mbaazi na pojo, penye wauza maembe na wauza vikapu. Mbula hakuharakisha. Aliuliza bei ya nyanya mahali pawili na hakununua. Watu walimwangalia mjane, wakamwangalia mwanamume aliyesemekana kumfanya mjane, wakauangalia mkono. Mazungumzo yalikatika mbele yao na kuanza tena nyuma yao, kwa sauti ndogo.

Walikuwa wamefika penye mafundi viatu mtu mmoja aliposimama kutoka kwenye benchi. Alikuwa Musembi, mwendesha bodaboda. Alimwangalia Fahim kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Fundi," alisema. "Pikipiki yangu imekaa kwako siku kumi na moja."

Hakuna aliyecheka.

"Njoo kesho," Fahim alisema. Sauti ilimtoka ikiwa na kutu.

"Hata kabla wakushike, ulisema kesho."

Hapo mtu mmoja penye viatu alicheka, kisha wengine, na mama wa vikapu akauliza sufuria yake aliyopeleka kuchomelewa iko wapi.

Fahim alifuta uso kwa mkono wa shati. "Leta mafuta ya injini," alimwambia Musembi. "Naifungua leo."

Walikuwa mbele ya gereji. Mbula alimwachilia mkono, ili apate kutafuta funguo mfukoni.